"Bidhaa Ikishauzwa Hairudishwi": Je, Kauli Hii Inasimama?

  

Ndugu Waislamu, anayepita katika maduka ya Mpemba, kisha akafuata barabara kuu mpaka Tunduma mjini, hatakosa kukutana na tangazo lililoandikwa kwa wino mzito na kubandikwa nyuma ya kaunta: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Tumeliona tangazo hili kwa muda mrefu mpaka tumelizoea, na mtu akilizoea jambo huacha kuuliza lina hoja gani. Wengi wetu, wauzaji kwa wanunuzi, tunaamini kuwa hiyo ndiyo sheria. Kwa hakika si sheria. Ni kauli ya upande mmoja wa mkataba, na makala haya yanakusudia kuipima kwa Sharia ya Allah na kwa sheria za nchi.

Tumeuchagua mjadala huu kwa sababu ya sikukuu zetu. Katika siku za mwisho za Ramadhani, na katika siku za kuelekea Idi el Hajj, fedha nyingi hutoka mikononi mwa watu wenye kipato kidogo kwa ajili ya zawadi: viatu vya mtoto, simu ya mzazi aliyeko kijijini, saa ya ukutani, taa, redio. Mwezi wa Desemba majirani zetu Wakristo nao huingia katika maduka hayo hayo, na mengi kati yake ni ya ndugu zetu Waislamu. Jambo linalogusa mifuko ya watu wote hawa si dogo.

ZAWADI INA UDHAIFU WAKE

Mtu anayenunua jembe kwa ajili ya shamba lake hulikagua mpini na bapa, na kesho yake analitumia. Zawadi haiko hivyo. Hununuliwa katika msongamano wa mkesha wa sikukuu, muuzaji ana wateja kumi mbele yake na mnunuzi ana haraka. Hufungwa karatasi bila kujaribiwa. Hufunguliwa baada ya siku kadhaa na mtu mwingine asiyejua ilinunuliwa wapi wala kwa bei gani. Mtu huyo akigundua kasoro huona haya kusema, akichelea kumvunja moyo aliyempa. Hivyo bidhaa mbovu ikipita kama zawadi hupita salama, na hasara humwangukia yule asiye na pa kusemea.

Mwaka mmoja wazazi wa madrasa ninayofundisha walichanga fedha wakanunua taa ndogo kumi za sola, ziwe zawadi ya Idi el Fitr kwa watoto waliohifadhi juzuu. Zilinunuliwa siku mbili kabla ya Idi, risiti ikachukuliwa, na asubuhi baada ya swala zikakabidhiwa. Hazikupita siku tatu ila taa nne zikawa haziwaki hata baada ya kuanikwa juani kutwa nzima. Zilipopelekwa dukani, mwenye duka alinyoosha kidole kwenye tangazo la ukutani. Baada ya mazungumzo marefu akakubali kubadilisha mbili. Ama fedha za zile mbili zilizobaki alikataa katakata, akisema kuwa naye alinunua kwa jumla Kariakoo na kule hakuna wa kumpokelea. Mzazi mmoja akasema, "Ustadh, tuache tu, ile ilikuwa zawadi."

Maneno ya mzazi yule yalitoka katika moyo wa subira, na subira ni sifa njema. Lakini tusichanganye subira na kunyamazia haki. Taa ilikuwa zawadi baina ya wazazi na watoto. Baina ya wazazi na mwenye duka ilikuwa ni biashara kamili, fedha taslimu kwa bidhaa. Muuzaji hakutoa zawadi kwa mtu yeyote. Alilipwa bei ya taa nzima akatoa taa mbovu.

SHARIA INASEMAJE?

Msingi wa biashara katika Uislamu ni kuridhiana. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, Allah (s.w.) ametukataza kuliana mali kwa batili, akahalalisha biashara itokanayo na ridhaa ya pande mbili. Mnunuzi aliyetoa bei ya kitu kizima ameridhia kitu kizima. Hakuridhia kibovu, kwa kuwa hakukijua. Na ridhaa juu ya jambo usilolijua haiwi ridhaa.

Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono wake ndani ya rundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji akatoa udhuru wa mvua. Mtume (s.a.w.) akamhoji kwa nini hakukiweka juu chakula kilicholowa ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Tuzingatie kwamba yule mtu hakuulizwa kwa nini mvua imenyesha. Aliulizwa kwa nini ameficha. Kasoro inaweza kuwa bahati mbaya, lakini kuificha ni uamuzi wa mtu.

Kutokana na dalili hizi na nyinginezo, wanazuoni wameithibitisha haki iitwayo khiyari ya aibu, yaani hiari ya mnunuzi kukirudisha kitu chenye kasoro na kurejeshewa bei yake. Haki hii ina masharti, na ni vyema kila mfanyabiashara na kila mnunuzi ayajue. Kwanza, kasoro iwe ilikuwepo kabla mnunuzi hajakipokea kitu, au chanzo chake kiwe cha kabla ya hapo. Pili, iwe ni kasoro inayopunguza thamani au kuharibu lengo la kitu kile. Tatu, mnunuzi awe hakuijua wakati wa kununua. Ama aliyeonyeshwa mkwaruzo akapunguziwa bei kwa ajili yake, huyo ameridhia. Nne, kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika nchi zetu, mnunuzi arudishe mara tu anapoijua kasoro, kwa kadiri ya desturi na uwezo. Akiendelea kukitumia baada ya kujua, haki yake ya kurudisha imeanguka.

Na iwapo kitu kimepata kasoro mpya mikononi mwa mnunuzi, mathalani simu yenye betri mbovu kisha akaivunja kioo, hana haki ya kumlazimisha muuzaji aipokee vile vile. Hapo hutafutwa uadilifu baina yao: ama muuzaji aipokee akilipwa fidia ya kioo, ama ibaki kwa mnunuzi naye alipwe upungufu uliosababishwa na betri. Tazama jinsi Sharia inavyompa kila mmoja haki yake bila kumdhulumu mwenziwe.

TANGAZO LA UKUTANI MBELE YA MASAHABA

Huenda akatokea wa kusema: "Mimi nimetangaza mapema kuwa sirudishi, na aliyenunua amekubali." Hoja hii si mpya. Imam Malik katika Muwatta amepokea kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) alimuuza mtumwa wake kwa dirham 800 kwa sharti la kutowajibika na aibu yoyote. Mnunuzi akadai kuwa mtumwa ana maradhi ambayo hakutajiwa. Shauri likafika kwa Khalifa Uthman bin Affan (r.a.), naye akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa akiijua aibu ile. Ibn Umar akajizuia kuapa na akampokea mtumwa wake. Baadaye mtumwa akapona, akamuuza kwa dirham 1,500.

Katika kisa hiki mna mafunzo mawili. La kwanza, sharti la kujivua dhamana halikumfanya Khalifa aache kuuliza swali la msingi: je, ulijua? Wanazuoni wa Kishafi wamelibana zaidi sharti hilo, wakalikubali katika kasoro iliyofichika ya mnyama ambayo muuzaji hakuijua, na hawakulikubali katika bidhaa nyinginezo. Taa, simu na viatu havimo katika ruhusa hiyo. La pili, aliyerudishiwa mali yake hakupata hasara bali alipata faida karibu mara mbili. Riziki iko mikononi mwa Allah, haipunguzwi na kumrudishia mtu haki yake.

SHERIA ZA NCHI NAZO ZINASEMAJE?

Baadhi ya ndugu zetu hudhani kuwa haya ni mambo ya kitabuni, yasiyo na nguvu mbele ya serikali. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inakwenda karibu na njia hiyo hiyo. Kwa mujibu wake, mtu anayeuza bidhaa za aina fulani kama kazi yake anawajibika kutoa bidhaa inayofaa kuuzwa kwa jina hilo, na sharti hili huhesabiwa kuwemo katika mkataba hata kama hakuna aliyelitamka. Mnunuzi aliyekagua hana hoja juu ya kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuigundua, na aliyekaa na bidhaa kwa muda mrefu bila kusema huhesabiwa kuwa ameipokea. Msomaji ataona mfanano wa masharti haya na yale tuliyoyataja katika fiqhi.

Juu ya hiyo ipo Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza wafanyabiashara kuwapotosha walaji na kuweka masharti ya kuwalinda katika mikataba yao. Msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, ambayo pia inapambana na bidhaa bandia. Ubora wa bidhaa uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Na mwenye dai la fedha ana njia ya Mahakama ya Mwanzo, ambako mashauri huendeshwa kwa Kiswahili.

Sisi wa mpakani tuna jambo la ziada la kujifunza. Nakonde iko hatua chache tu kutoka Tunduma, na wengi wetu hununua upande ule. Huko Zambia, Sheria ya Ushindani na Ulinzi wa Walaji Na. 24 ya mwaka 2010 imemkataza mwenye duka kubandika tangazo linalomnyima mlaji haki aliyopewa na sheria. Ni aibu iliyoje kwamba jambo lililokatazwa na sheria ya jirani bado linatundikwa katika duka la mtu atokaye kuswali jamaa!

SOMO LA SIMU BANDIA LA MWAKA 2016

Ndugu wasomaji hawajasahau tukio la Juni 2016. Usiku wa tarehe 16 mwezi huo, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizifungia simu zote zilizotambulika kuwa ni bandia kwa namba zao za utambulisho. Watu walikuwa wametangaziwa miezi kadhaa kabla, na kila mtu aliweza kubonyeza *#06# na kuituma namba yake ili aihakiki. Tukio hilo liliangukia katikati ya Ramadhani, yapata wiki tatu kabla ya Idi el Fitr.

Hatuna ugomvi na hatua ile. Linalotuhusu ni hili: simu iliyozimwa haikuwa bandia kuanzia usiku ule. Ilikuwa bandia siku iliponunuliwa. Kasoro ilikuwepo kabla ya mkataba, ilifichika, na iliharibu lengo zima la kitu. Yaani masharti ya khiyari ya aibu yalitimia. Pamoja na hayo, mijadala mingi ya wakati ule ilielekezwa kwa mamlaka na kwa mitandao ya simu, na ni wachache walioelekeza swali kwa muuzaji aliyepokea bei ya simu halisi. Wengine hawakuwa na risiti. Wengine walikuwa nayo lakini waliamini lile tangazo la ukutani. Hasara ikabaki kwa mama aliyenunuliwa simu na mwanawe.

ZAWADI IKIWA MBOVU, NANI ARUDISHE?

Swali hili huulizwa mara kwa mara. Mkataba ni baina ya muuzaji na mnunuzi, kwa hiyo mwenye haki ya kudai ni aliyenunua. Aliyepewa hana mkataba na muuzaji. Wanazuoni wa Kishafi wameeleza kwamba kitu kikishatoka katika milki ya mnunuzi, kisha kikamrudia, anaweza kukirudisha kwa muuzaji kwa aibu ile ya awali. Njia ya wazi, basi, ni aliyepewa amrejeshee aliyempa, naye akirudishe dukani.

Je, hii si kurejea katika zawadi, jambo ambalo Mtume (s.a.w.) amelikemea vikali? La. Kilichokemewa ni mtoaji kumnyang'anya aliyempa. Hapa aliyepewa ndiye anayekirejesha kwa hiari yake ili apatiwe kizima, na nia ya mtoaji inatimia badala ya kuvunjwa. Kwa hiyo aliyepewa asione haya. Kumwambia ndugu yako kuwa alichonunua ni kibovu ni nasaha. Kumnyamazia ni kumwacha arudi duka lile lile mwaka ujao.

UDHURU WA MUUZAJI WA REJAREJA

Uadilifu unatutaka tumsikilize na mwenye duka. Kutoka Kariakoo hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 900. Nauli ya kuirudisha taa moja huenda ikazidi bei yake, na mwenye duka la jumla anaweza akaikana. Udhuru huu una ukweli ndani yake, wala hatuupuuzi.

Hata hivyo haumwondolei wajibu. Kila uuzaji ni mkataba unaojitegemea. Mnunuzi wa Mpemba hakukaa na tajiri wa Kariakoo, hakumpa fedha, wala hamjui. Muuzaji wa rejareja anawajibika kwa mteja wake, naye ana haki ile ile kwa aliyemuuzia. Akikubali kudhulumiwa kule Dar es Salaam, hana ruhusa ya kuihamisha dhulma ile kwa mtoto wa madrasa. Na faida anayoiweka juu ya bei ya jumla ni malipo ya kubeba dhamana, si malipo ya kusafirisha peke yake. Wanazuoni wana kanuni mashuhuri itokanayo na hadithi ya Bibi Aisha (r.a.), kwamba manufaa hufuatana na dhamana. Anayetaka faida ya biashara akubali na mzigo wake.

Ikiwa kweli hana fedha siku hiyo, aseme ukweli na apewe muda, kama Qur'ani ilivyoelekeza katika Suratul-Baqara, aya ya 280, juu ya mdaiwa mwenye dhiki. Kukiri deni na kuomba muda ni njia ya waungwana. Kunyoosha kidole ukutani si jibu.

MNUNUZI NAYE AMCHE ALLAH

Wapo wanunuzi wanaovaa kiatu siku ya Idi, wakakirudisha siku ya tatu wakidai kuwa ni kidogo. Wapo wanaoiangusha simu kisha wakaapa kuwa ilikuja hivyo. Wapo waliojutia bei tu, wakatafuta kasoro isiyokuwepo. Hawa nao wanakula mali kwa batili, na ndio waliowafanya wenye maduka wabandike matangazo yale. Aliyebadilisha mawazo hana haki ya kulazimisha. Anaweza kuomba tu, na muuzaji akimkubalia amefanya ihsani kubwa, kwani imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba mwenye kumvunjia Muislamu mauziano aliyoyajutia, Allah atamsamehe makosa yake.

NINI KIFANYIKE?

Tunapendekeza mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji mtaji mkubwa.

Kwanza, kila kifaa cha umeme, cha betri au cha sola kijaribiwe kaunta mbele ya mnunuzi kabla ya kufungwa karatasi. Dakika mbili za kujaribu huokoa ugomvi wa wiki mbili.

Pili, wafanyabiashara wa msikiti wetu waondoe tangazo lile, na mahali pake waandike muda wa kurudisha, mathalani siku tatu tangu kununua kwa bidhaa ya kawaida, na kwa bidhaa ya zawadi siku tatu baada ya sikukuu. Muda wa siku tatu una asili katika Sunna, kwani Mtume (s.a.w.) alimpa mnunuzi wa mnyama aliyelimbikiziwa maziwa kiwele siku tatu za kumjua. Ieleweke kuwa huu ni muda wa kumrahisishia mnunuzi. Kasoro ya siri ikidhihiri baadaye, haki yake ya asili ipo pale pale.

Tatu, risiti. Sheria za kodi zinamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai, na Qur'ani katika aya ya 282 ya Suratul-Baqara imeelekeza kushuhudisha tunapouziana. Risiti ni shahidi asiyesahau. Anayetoa zawadi aitunze mpaka aliyepewa awe ameitumia.

Nne, wenye maduka wanaonunua Kariakoo waungane kukusanya bidhaa zao mbovu na kuzirudisha kwa pamoja, kwa mjumbe mmoja na kwa gharama moja. Mwenye duka la jumla anayemdharau mteja mmoja wa Songwe hawezi kuwadharau kumi kwa mara moja.

Tano, ukitokea mzozo, uanze kutatuliwa kwa upole mbele ya watu wawili waaminifu wanaoijua biashara. Ukishindikana, mwenye haki asione vibaya kwenda Tume ya Ushindani au Mahakama ya Mwanzo. Kudai haki kwa njia ya sheria hakuvunji udugu. Kinachouvunja ni dhulma.

Na haya yote yahusu kila mteja, awe Muislamu au si Muislamu. Mkristo anayenunua zawadi ya mwanawe mwezi Desemba ana haki ile ile ya kupewa kitu kizima au kurudishiwa fedha zake. Allah (s.w.) katika Suratul-Mutaffifin amewatishia wanaopunja watu, na hakubagua ni watu gani. Jirani yetu hatusomi katika vitabu vyetu, hutusoma kaunta.

Ndugu zangu, katika hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameifungamanisha baraka ya mauziano na mambo mawili: ukweli na kubainisha. Vikikosekana, baraka hufutwa. Mwenye duka aliyebakiwa na fedha za taa mbovu ahesabu vizuri alichobaki nacho.

Tunamuomba Allah (s.w.) azitakase biashara zetu, awape wafanyabiashara wetu moyo wa uaminifu na wanunuzi wetu ulimi wa kweli, na atujaalie riziki ya halali yenye baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.